Kung'oa injini ya Cummins 6BT kwenye Tata: shajara ya kuchagua vifaa vya kunyanyulia

Gari ni lori la Tata lenye pua, yaani injini iko mbele ya kebini chini ya boneti. Injini ni Cummins 6BT, silinda 6 za mstari mmoja, lita 5.9, yenye tabo. Inatoka ili ifunguliwe yote. Gereji iko Morogoro, uwanja ni kifusi cha changarawe juu ya udongo mwekundu, na hakuna sakafu ya zege. Shajara hii inahusu kunyanyua tu. Kufungua mipira, nyaya, rejeta, ekzosi na propela shafti hakuna jipya, kwa hiyo hatua hizo zimepitiwa haraka.

Jambo la kushika tangu mwanzo: watu huuliza kwanza "injini ina kilo ngapi?" na kununua kifaa kwa jibu hilo. Uzito ndio sehemu rahisi. Vinavyokataa vifaa vingi ni umbali wa kufikia katikati ya injini, urefu wa kulabu kutoka chini, na ardhi inayobeba vyote.

Jumamosi, 8 Februari 2025: Vipimo kabla ya fedha

6BT kavu, bila mafuta wala maji, ina takribani kilo 500. Hiyo haijumuishi kila kitu kitakachoning'inia. Hauzingi ya flaiwili, klachi, stata, alteneta na mauntingi (vishikio vya injini kwenye chesisi) vinabaki kwenye injini hii, hivyo tulikadiria kilo 620 na kuamua kila kifaa kiwe na mzigo wa kazi usiopungua tani 1.2. Giaboksi inashushwa kwanza peke yake. Kuitoa pamoja na injini kunaongeza uzito, kunaongeza urefu, na kunasukuma kitovu cha uzito nyuma, mahali ambapo hakuna sikio la kunyanyulia.

Vipimo vya gari, rejeta na fremu yake zikiwa zimeshatolewa:

Kutoka bampa hadi katikati ya injini ni mita 1.25. Juu ya chesisi ni mita 0.95 kutoka ardhini. Ili sampu (bakuli la oili chini ya injini) ipite juu ya boriti ya mbele ya chesisi na kubaki na nafasi, chini ya sampu lazima ifike mita 1.10. Kutoka hapo hadi masikio ya kunyanyulia ni kama mita 0.90, kwa hiyo masikio yatakuwa mita 2.00. Cheni za kufungia zinakula mita 0.60, mizani ya kuning'iniza 0.35, na cheni bloku (kifaa cha kunyanyulia kwa kuvuta cheni kwa mkono) ya tani 2 ikiwa imevutwa mpaka mwisho inakula 0.45. Jumla ni mita 3.40. Tukaandika mita 3.60 kutoka ardhini hadi chini ya boriti ya juu itakayobeba cheni bloku, na hiyo 0.20 ya ziada ilikuja kutumika.

Hesabu hii ya kupanda kutoka sampu hadi boriti ndiyo inayosahaulika. Mtu hupima injini, hasahau uzito, lakini anasahau kwamba cheni bloku yenyewe ina urefu usioweza kufupishwa.

Jumamosi, 15 Februari: Vilivyokataliwa, na kwa nini

*Winchi ya injini ya kukunja, tani 2.* Ndiyo iliyopendekezwa na kila muuzaji. Hiyo tani 2 ni kwenye tundu la kwanza la mkono tu, mkono ukiwa mfupi kabisa. Matundu yanayofuata ni kilo 1,500, 1,000, na la mwisho 500. Sababu ni wenzo: kadiri mzigo unavyokwenda mbali na nguzo, ndivyo unavyoielemea jeki na kutaka kuiinua miguu ya nyuma. Kwa mita 1.25 za kufikia tungelazimika kutumia tundu la mwisho, kilo 500, na injini inazizidi. Hata ingekuwa na nguvu, magurudumu yake madogo hayatembei kwenye changarawe, na mkono haufiki urefu tunaoutaka. Kwa gari dogo kwenye sakafu ya zege ni kifaa kizuri. Kwa lori si chake.

*Miguu mitatu ya nguzo za mikaratusi.* Inaonekana nyingi barabarani. Kasoro yake kwa kazi hii si nguvu, ni umbo. Injini ikishanyanyuliwa, gari lazima litoke chini yake, na mguu mmoja kati ya mitatu utakuwa njiani daima. Ukisogeza mguu mzigo ukiwa juu, umeangusha mzigo.

*Tawi la mwembe, au kenchi za paa.* Hapana. Tawi halina namba ya mzigo, na linaweza kuwa limeoza ndani huku gome likiwa zima. Kenchi za paa zimejengwa kubeba mabati na upepo, si kilo 600 zinazovuta sehemu moja katikati.

*Lori lenye kreni la kukodi.* Hili halikukataliwa kwa ufundi. Ni shilingi 350,000 kwa safari, na injini inahitaji safari mbili, kutoka na kurudi. Anayeng'oa injini moja tu akodi, asijenge chochote. Hapa kuna malori mengine yanasubiri, ndiyo maana tukaenda kwenye fremu.

Uamuzi: fremu ya lango, miguu miwili ya umbo la A yenye boriti juu, upana wa ndani mita 3.0 ili lori la mita 2.4 lipite na mtu apite pembeni. Fremu haitembei. Gari ndilo linatembea.

Jumamosi, 1 Machi: Fremu ya kwanza, boriti imepinda

Miguu ni mabomba ya duara ya inchi 3, unene milimita 4. Kila upande una mabomba mawili ya mita 3.7, nyayo zikiwa zimeachana mita 1.8, na bomba la kufunga A katikati. Mabomba manne kwa 135,000 kila moja ni 540,000. Vipande vilivyobaki vilitosha kufungia A na kutengeneza mikono ya mshazari kati ya miguu na boriti. Usiache mikono hiyo: bila yake lango lote linaweza kulala upande kama sanduku lisilo na kitako.

Kosa lilikuwa juu. Boriti ilikuwa skwea paipu ya 100 × 50, unene milimita 3, shilingi 85,000, kwa kuwa ilikuwepo dukani na "inaonekana nene". Jaribio lilifanywa kwa mifuko ya saruji ya kilo 50 juu ya jukwaa la chuma la kilo 50, mzigo ukiwa sentimita 10 tu kutoka ardhini:

Kwa mifuko 11, kilo 600, boriti ilishuka milimita 14 katikati. Kwa mifuko 14, kilo 750, ilishuka zaidi ya 20. Tuliposhusha, haikurudi yote. Milimita 4 zilibaki. Chuma kilichobaki kimepinda kimeshavuka uwezo wake.

Hesabu ambayo ilipaswa kufanywa kabla ni fupi. Mzigo ukiwa katikati, nguvu ya kupinda ni mzigo mara urefu, gawanya kwa 4. Kilo 750 ni kama kilonewtoni 7.4, mara mita 3, gawanya kwa 4, unapata kilonewtoni-mita 5.5. Paipu hii ina moduli (kipimo cha umbo lake kustahimili kupinda) ya takribani sentimita za ujazo 22, kwa hiyo mkazo unafika kama megapaskali 250. Chuma cha kawaida huanza kukubali kupinda kwenye 235. Majibu ya karatasi na ya boriti yalilingana, ila karatasi ingekuwa bure.

Jumamosi, 8 Machi: Boriti ya pili

Boriti ya umbo la I, kimo milimita 160 (IPE 160), mita 6 kwa shilingi 340,000. Zimetumika mita 3.2 na nyingine imehifadhiwa. Moduli yake ni sentimita za ujazo 109, karibu mara 5 ya ile paipu, wakati uzito wake kwa mita ni kilo 15.8 tu. Kwa tani 1.2 mkazo ni kama megapaskali 81. Nafasi hiyo kubwa ni ya makusudi, maana chuma cha dukani hakiji na cheti.

Imefungwa kwa bolti juu ya mabamba ya milimita 10, haikuchomelewa, ili fremu ifunguke na kubebwa. Mabamba na bolti 95,000, fundi wa kuchomelea 180,000. Jaribio la kilo 750: ilishuka milimita 2 na kurudi zote.

Cheni bloku haikuzungushiwa boriti kwa cheni. Ncha kali za boriti ya I hukata na kukunja pingili. Tumetumia kibanio cha boriti cha tani 2 chenye skrubu, shilingi 95,000. Toroli ya kutembea juu ya boriti haikununuliwa. Gari likiwa linatembea, toroli ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kuteleza.

Jumamosi, 15 Machi: Cheni bloku inayoshuka yenyewe

Cheni bloku ya kuazima, tani 2. Ilinyanyua kilo 750 bila shida. Tulichora mstari wa chaki usawa wa jukwaa na kusubiri. Baada ya dakika 10 mzigo ulikuwa umeshuka milimita 23 bila mtu kugusa cheni.

Ilipofunguliwa, sahani za breki zilikuwa zimelowa grisi. Breki ya cheni bloku hufanya kazi kwa msuguano: uzito wenyewe unakaza skrubu, skrubu inabana sahani, na sahani zinashikilia mzigo. Aliyeitunza aliona gia na breki viko pamoja akapaka grisi kila mahali. Gia zinataka mafuta. Sahani zinatakiwa kuwa kavu kabisa. Tuliziosha kwa petroli na kukausha, kushuka kukapungua hadi milimita 6 kwa dakika 10. Sita bado ni kushindwa. Grisi ilishaingia ndani ya sahani. Ikarudishwa kwa mwenyewe na maelezo.

Mpya, tani 2, ni 260,000. Jaribio la mstari wa chaki: dakika 30, haikusogea. Kuna ushauri wa "chukua tani 5 uwe salama". Usalama hauongezeki hivyo: ya tani 5 ni ndefu zaidi ikivutwa, inakula urefu wa kulabu ambao hauupati tena, na uzito wake unabebwa na boriti ileile. Kwa kilo 600, tani 2 iliyojaribiwa ina maana kuliko tani 5 isiyojulikana historia yake.

Jumamosi, 22 Machi: Mahali pa kushika injini

Hapa ndipo kazi ingeharibika.

6BT ina sikio la mbele na la nyuma kwenye silinda hedi. La mbele lilikuwepo. La nyuma halikuwepo. Lilitolewa kwenye matengenezo ya zamani halikurudishwa. Tukaweka bolti ya pete ya M12, shilingi 8,000, kwenye tundu lililobaki wazi. Mauntingi zikiwa bado zimefungwa, tukavuta taratibu huku tukisoma mizani (kukodi ni 30,000 kwa siku). Kwenye kilo 280 pete ya nyuma ilikuwa imeinama kuelekea mbele. Tukashusha hapohapo.

Bolti ya pete ya M12 yenye kola, yaani kitako cha duara chini ya pete, hubeba kilo 340 ikivutwa wima kabisa. Ikivutwa kwa mshazari wa nyuzi 45 hubakiwa na kilo 240. Hiyo ni bolti iliyoingia mpaka kola ikalala kwenye chuma. Yetu uzi wake ulikuwa umeingia mizunguko michache tu na kola ilikuwa hewani, na cheni iliivuta ubavuni. Makosa matatu kwenye kipande kimoja.

Suluhisho ni sikio la bamba la milimita 12, lililokatwa kwa kufuata umbo la sehemu ya asili, lenye tundu la pingu (shakoli ya kuunganishia cheni) na matundu mawili ya bolti. Bolti ni za daraja 8.8, uzi umeingia kwenye hedi angalau mara 1.5 ya kipenyo cha bolti kwa kuwa hedi ni chuma cha kutupwa. Tundu la pingu halikuchomwa kwa gesi, limetobolewa kwa drili na kingo zake kusuguliwa. Bamba na bolti 35,000.

Kati ya masikio kuna milimita 700. Cheni zimekatwa ili kila mguu uwe milimita 700 pia, zikipanda zinafanya pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa. Pembe hii si mapambo. Kwa nyuzi 60 kila mguu unabeba asilimia 58 ya injini. Kwa 45 ni asilimia 71. Kwa 30 kila mguu unabeba uzito wa injini nzima, na juu ya hapo masikio yanavutwa kuelekeana kwa nguvu inayokaribia hiyohiyo. Mtu anayefupisha cheni ili kuokoa urefu analipa hapo. Kama urefu hautoshi, punguza hewa kwenye matairi ya mbele, gari lishuke, usilaze cheni.

Cheni ni ya milimita 8, daraja la 80, mguu mmoja tani 2, pamoja na kulabu za kufupishia, 140,000. Pingu mbili za inchi nusu zenye alama ya tani 2, 24,000. Mkanda wa polista wa kijani ungebeba tani 2 pia, lakini karibu na tabo na kingo za hedi mkanda hukatwa. Kwenye injini cheni ni bora. Cheni isiyo na alama ya daraja, ile ya kufungia geti, haina kazi hapa.

Jumamosi, 29 Machi: Mvua na nyayo

Masika yameanza. Baada ya mvua ya siku mbili, mguu mmoja wa fremu ulizama milimita 35 bila mzigo wowote zaidi ya fremu yenyewe, na boriti ikawa imeinama upande huo. Nyayo zilikuwa mabamba ya 150 × 150. Mzigo wa jaribio pamoja na fremu ni kama kilo 260 kwa kila unyayo, yaani zaidi ya kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Udongo mkavu ulikubali, uliolowa ulikataa.

Changarawe imeondolewa hadi kwenye udongo mgumu, na kila unyayo umekaa juu ya mbao za milimita 50 zilizopangwa tabaka mbili zilizopishana, sentimita 60 kwa 60. Mzigo kwa eneo umeshuka mara 16. Mbao 60,000. Jaribio la kilo 750 limerudiwa kwenye udongo uliolowa: hakuna unyayo uliozama zaidi ya milimita 3. Boriti imepimwa kwa pima maji kabla na baada.

Jumamosi, 5 Aprili: Siku ya kunyanyua

Watu wanne: mmoja cheni bloku, wawili kamba za kuongozea, mmoja anasoma mizani na ndiye pekee anayetoa amri. Hakuna mkono chini ya sampu wala kati ya injini na chesisi.

Kwanza mizani ilipanda hadi kilo 690, injini ikiwa haijaachana na chesisi. Makadirio yalikuwa 620, kwa hiyo kitu kilikuwa bado kimeshika. Tukashusha. Mauntingi ya nyuma kushoto ilikuwa imegandana na kutu, bolti imetoka lakini raba imeng'ang'ania bamba. Mtarimbo mfupi ukaiachia. Bila mizani tungeendelea kuvuta, na ingeachia ghafla kwa kuruka. Kukodi mizani ndiyo fedha iliyofanya kazi kubwa kuliko zote kwenye mradi huu.

Jaribio la pili: injini iliachia, mizani ikasimama kwenye kilo 575. Kila mguu wa cheni unabeba kama 332.

Mambo mawili yalijitokeza. Nyuma ilining'inia chini kwa sababu ya flaiwili na hauzingi yake. Tukashusha na kufupisha mguu wa nyuma kwa pingili mbili, milimita 48, kwa kulabu ya kufupishia. Usifunge fundo kwenye cheni wala kupitisha bolti ndani ya pingili. La pili, springi za mbele zilipopungukiwa na uzito, chesisi ilipanda milimita 22 ikifuata injini. Zile sentimita 20 za ziada ndipo zilipoanza kuliwa.

Hauzingi ya flaiwili iko chini ya ukuta wa kebini, kwa hiyo injini haiwezi kupanda moja kwa moja. Ilinyanyuliwa milimita 40, kisha lori likarudishwa nyuma. Mara ya kwanza lilisukumwa kwa mikono. Lilianza taratibu halafu likaenda kwa kishindo, injini ikabembea na kugusa mabawa ya lori. Hakukuwa na madhara, lakini kazi ilisimama. Tukafunga winchi ndogo ya mkono, ya kuvuta kwa wenzo, nyuma ya chesisi na kuishikiza kwenye lori jingine, kabari zikiwekwa mbele na nyuma ya matairi kila sentimita 10. Baada ya sentimita 35 injini ilikuwa wazi, ikapandishwa hadi sampu ikavuka boriti ya mbele, na lori likarudishwa lote. Kulabu ilibakiwa na sentimita 11 kufikia cheni bloku. Tangu kuachia hadi kushusha ni dakika 50.

Jumamosi, 12 Aprili: Kitako cha injini na gharama

Stendi za kuzungusha zinazoshika injini upande wa flaiwili tu, nyingi zina uwezo wa kilo 450, na 6BT ni ndefu. Inaning'inia yote upande mmoja. Injini imekaa kwenye kitako cha pembe za chuma za 75 × 75 × 6, vipande vya mabaki, ikishikwa kwenye mauntingi za mbele na hauzingi ya flaiwili. Sampu haigusi chochote.

Gharama yote, pamoja na boriti iliyopinda, bolti ya pete iliyotupwa na siku mbili za mizani, ni shilingi 1,922,000. Kukodi kreni kwa lori moja, kutoka na kurudi, kungekuwa 700,000. Fremu inajilipa kwenye lori la tatu, si kabla.

Wakati injini iko wazi mbele, pini ya kuelekezea ya hauzingi ya gia za taimingi inafungwa kwa kibamba kidogo chini ya bolti ya jirani. Kwenye 6BT za valvu 12 inajulikana kutoka yenyewe kwa mtikisiko na kudondokea kwenye gia. Ikiwa ndani ya gari, kuifikia kunataka kufungua mbele yote. Hapa imechukua saa moja baada ya kava kutoka.

Kurudisha injini kutaanza na jaribio la mstari wa chaki upya, kisha kupima boriti kwa pima maji, maana mvua bado zinanyesha.